Maswali na majibu: Same, Lushoto mpaka Amani kwa gari, kuangalia ndege

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja kwenye jambo moja, watu wanataka kuchukua gari wapite chini ya milima ya Upare na Usambara waangalie ndege na mandhari, na mimi nimefurahi kweli maana hii njia wengi wetu tunaipita tumelala kwenye basi, tunakuja kushtuka tuko Segera. Nimechagua machache. Hili la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu waliouliza hivyo hivyo ni wengi.

Habari za kazi dada. Mimi na mke wangu na watoto wawili tunataka kutoka Moshi kwenda Tanga na gari letu dogo, sio la juu, tuna siku nne tano hivi. Mimi napenda ndege, mke wangu anapenda mandhari tu, ndege hana habari nao kabisa. Tupite wapi ili kila mtu arudi ameridhika? (Baba wa wawili, Moshi)

Nzuri kaka, na hongera kwa wazo. Nikwambie kitu kimoja ambacho ukikishika mengine yote yanakaa sawa: hii safari usiipange kwa kilomita, ipange kwa mwinuko. Ndege wa pale chini barabarani Mombo na ndege wa juu Magamba ni watu wa nchi mbili tofauti, na katikati yao ni kama saa moja na nusu ya gari tu. Mombo uko kama mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini ni kama 1,400, na msitu wa Magamba unapanda mpaka zaidi ya 2,000, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama sita, kwa hiyo miti inabadilika, wadudu wanabadilika, na ndege nao wanabadilika. Mtu anayekimbiza kilomita anaona ndege walewale wa barabarani siku nzima.

Sasa njia yenyewe. Anza na Same. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi geti lake la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini, na pale ni nyika kavu kwa sababu milima ya Pare na Usambara inazuia mvua inayotoka baharini, upande wa bahari unalowa na upande wa nyuma unabaki na vumbi. Huo ukavu ndio unaoleta ndege ambao huwezi kuwaona Lushoto hata ukae mwaka: kanga tumbusi mwenye kifua cha bluu inayong'aa, kuzi kifua-dhahabu, karani-tamba anayetembea kwa miguu mirefu akitafuta nyoka, na tandawala ambaye ni kati ya ndege wazito kuliko wote wanaoweza kuruka. Ingia asubuhi geti likifunguliwa, ikifika saa nne ndege wa nyika wanajificha kivulini. Watoto watataka faru, na faru weusi wapo kweli, wana eneo lao maalum, ulizeni pale getini utaratibu wa kuwaona.

Kutoka Same mnashuka na lami, milima iko kushoto muda wote, na hapa mke wako ana haki ya kushika simu apige picha mpaka achoke. Ila wewe dereva macho mbele, vijiji ni vingi, mwendo ni 50 na tochi za trafiki zipo. Mkikaribia Mombo angalieni mashamba ya mpunga, hapo simameni sehemu pana nje kabisa ya barabara mtazame kwa nusu saa. Yangeyange, kwarara, na korongo domo-wazi, yule ambaye mdomo wake hata akiufunga unabaki na uwazi katikati, anautumia kushikia konokono. Hapo hata mtoto wa miaka mitano anaona bila darubini, na ndege mkubwa asiyeogopa ndiye anayemfanya mtoto apende ndege, msianze nao na vindege vya msituni visivyotulia.

Halafu mnakata kupanda Lushoto, kama kilomita 33, lami yote, gari dogo linapanda bila shida ila barabara ni nyembamba na kona ni kali, piga honi kwenye kona usiyoona mbele, mabasi yanashuka na hayana muda. Wakati wa kushuka ndio muhimu zaidi, shuka na gia ndogo, usikanyage breki njia nzima mpaka zikaanza kunuka. Soni kuna maporomoko ya maji, yanaonekana karibu na barabara, mke wako hapo ataanza kukuelewa. Na Irente, karibu na Lushoto mjini, ndio kwake kabisa, unasimama ukingoni mwa jabali unaitazama nyika chini yako, karibu mita 1,000 kwenda chini. Lakini Irente ni ya kwako pia! Usiende alfajiri, nenda saa tatu au saa nne asubuhi, jua likishapasha lile jabali hewa ya moto inapanda na ndege wawindaji wanaitumia kupaa bila kupiga bawa, wanakuja usawa wa macho yako na wengine wanapita chini yako, ndio sehemu nadra ambayo unamwangalia ndege wa kuwinda mgongoni. Mshikeni watoto mikono, pale ukingoni sio pa kukimbia.

Laleni Lushoto usiku mbili. Asubuhi moja ni ya Magamba, hapo msitu ni wa hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, kwa hiyo mnapita ofisini kwao kwanza, malipo ni kwa kontrol namba kama malipo mengine ya serikali. Msituni tembea taratibu mpaka ujione unachelewa. Utakaa dakika ishirini huoni kitu, halafu ghafla mti mmoja unajaa ndege wa aina sita saba kwa pamoja, wanatembea kundi moja wakila wadudu, mlamba juu, wengine katikati, wengine kwenye majani ya chini, na baada ya dakika tano wameondoka na kimya kinarudi. Wageni wengi wanakata tamaa dakika ya kumi na tano wakati kundi liko njiani. Na ukikuta msafara wa siafu, simama (suruali ndani ya soksi tafadhali), maana wadudu wanawakimbia siafu na ndege wa chini wanakuja kuwadaka. Kuna ndege mdogo wa kahawia anaitwa kitaalamu *Sheppardia montana*, dunia nzima anaishi Usambara Magharibi tu, na yeye ni mmojawapo wa wanaofuata siafu. Huyo ukimwona hata sekunde mbili umeona kitu ambacho watu wanapanda ndege ya masaa kumi kuja kukitafuta.

Siku ya mwisho shukeni Mombo, Korogwe, Segera mkate kushoto, Hale, Muheza, na kutoka Muheza ndio mnapanda Amani, msitu wa hifadhi wa Usambara Mashariki. Hapa ndio kwenye gari lako dogo: sehemu kubwa ni barabara ya udongo, kipindi cha kiangazi gari dogo linafika kwa upole, kipindi cha mvua usijaribu, acha gari Muheza mchukue usafiri unaoenda kule. Amani nayo ina vya mke wako, bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, miti ya nchi mbalimbali imekua mikubwa ajabu, na pale Sigi kuna jengo la stesheni ya zamani, kulikuwa na reli ndogo iliyokuja mpaka hapo kutoka Tengeni. Na yale maua ya zambarau ambayo watu Ulaya wanaweka dirishani ndani ya vyungu, asili yake ni kwenye miamba yenye unyevu ya huku, yalijulikana huko kwao baada ya mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Saint Paul-Illaire, kuyatuma miaka ya 1890, ndio maana yanaitwa *Saintpaulia*.

Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, napenda sana ndege lakini darubini bei yake imenishinda. Je nikienda bila darubini napoteza muda? Na nikija kupata hela ninunue ya namba gani, naona 8x42, 10x50, 20x50 nachanganyikiwa. (Mpenda ndege, Arusha)

Marahaba mwanangu. Hupotezi muda hata kidogo, na nitakwambia kitu ambacho wenye darubini nzuri wengi hawataki kusikia, msituni sikio linafanya kazi kubwa kuliko jicho. Kule Amani au Magamba majani yamejaa, ndege kumi ukiwagundua saba umewasikia kwanza. Kwa hiyo anza na sauti za ndege wa pale unapoishi, chukua watano tu, shore, kurumbiza, mlamba, chozi, kigong'ota, uwajue mpaka ukiwa kitandani asubuhi unajua nani anaongea. Ukifika msituni ubongo wako unachuja wale unaowajua na ile sauti ngeni inajitokeza yenyewe. Simu unayo, rekodi sauti, andika saa, mahali, mwinuko, alikuwa juu ya mti au chini, anakula nini. Hayo maandishi yana thamani kuliko picha yenye ukungu.

Kuhusu namba, ya kwanza ni mara ngapi inakuza na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni, 42 kwa 8 ni zaidi ya 5, 50 kwa 20 ni 2 na nusu tu, kwa hiyo hiyo 20x50 msituni asubuhi utaona giza, na tena inakuza mno kiasi kwamba mkono ukitetemeka kidogo ndege anaruka ruka kwenye kioo. Nunua 8x42. Kama hela haitoshi 8x30 au 8x32 ni nzuri tu na ni nyepesi shingoni. Ya 10 waachie wanaoangalia bwawani na nyikani. Na darubini ya mtumba iliyotunzwa inafaa, ila kabla hujalipa iangalie nje kwenye bango la mbali, ukiona vitu viwili viwili au kichwa kinauma baada ya dakika moja, irudishe.

Mwezi gani ni mzuri? Wengine wananiambia kiangazi wengine wanasema mvua. (Tanga)

Wote wako sawa, inategemea unataka nini. Masika, Machi mpaka Mei, barabara za udongo za Amani na vijiji vya juu zinateleza vibaya, mimi sikushauri. Kuanzia Julai mpaka Oktoba njia ni kavu na kutembea ni raha, Lushoto Julai baridi yake ni ya kweli, beba sweta. Lakini ukitaka ndege wengi kwa idadi nenda Novemba mpaka Februari. Wageni kutoka Ulaya na Asia wanakuwa wameshafika, mbayuwayu, keremkerem, kambu, wanakaa huku mpaka karibu Machi Aprili ndio wanaondoka. Na kuna kozi mmoja mdogo anaitwa kozi wa Amur, anatoka mashariki ya mbali ya Asia kwenda kusini mwa Afrika, Novemba na Desemba makundi yake yanapita kwenye nyika za upande wa Tsavo na Mkomazi wakifuata mawingu ya mvua kwa sababu kumbikumbi wanatoka.

Na mvua za vuli zina faida nyingine, ndege kama mnana na wenzake madume wanavaa rangi. Kiangazi dume la mnana ni la kahawia kahawia kama jike na utaumia kichwa kulitambua, mvua ikinyesha linakuwa njano kabisa na linajenga viota mbele yako.

Habari dada. Tulitaka kwenda Amani familia nzima ila mama mkwe amekataa kulala kule, amesikia bundi ni wengi, anasema bundi akilia juu ya nyumba kuna msiba. Mimi simwamini lakini sitaki kumvunjia heshima. Nifanye nini? (Mkwe, Korogwe)

Nzuri, na nakupongeza kwa hiyo heshima. Usimbishie mama. Hii imani wengi tumekua nayo, na mtu mzima hawezi kuivua kwa sababu mkwe wake amesoma gazeti. Unachoweza kumweleza, kwa wakati wake, ni kazi ya bundi. Analia kumwambia mwenzake kwamba eneo hili lina mwenyewe, na kumwita mwenza, ndio maana kuna miezi analia sana na mingine kimya, na usiku usio na upepo anasikika mbali zaidi. Anakuja karibu na nyumba kwa sababu panya wako karibu na nyumba. Mahali penye ghala la mahindi bundi ni mfanyakazi wa usiku asiyedai mshahara, na anayetega sumu ya panya ovyo mara nyingi anamuua na bundi aliyemla yule panya.

Na Amani si bundi wa kawaida tu. Misitu ya pale ina yule bundi mkubwa wa Usambara, kuna watu wametumia usiku mzima wakiwa na tochi na koti kwa ajili ya kumsikia, na kwenye misitu ya chini upande huo wa mashariki kuna na yule bundi mdogo wa Sokoke ambaye sehemu nyingine anayojulikana zaidi ni msitu wa Arabuko-Sokoke Kenya. Mama akikubali kuja bila kulala, njooni Amani asubuhi mrudi Muheza jioni mlale gesti pale mjini, hakuna kilichoharibika. Ila nakuomba, mkionyeshwa mti anapolala bundi mchana, msitangaze mahali pale kwa kila mtu. Bundi anauawa kwa sababu hiyohiyo anayoiogopa mama.

Rafiki yangu anapiga sauti za ndege kwenye spika ndogo ya simu msituni ili watokee. Kweli wanatokea! Mi naona kama sio sawa, au naona vibaya? (Lushoto)

Unaona vizuri kabisa. Ndege anatokea kwa sababu anadhani kuna dume mwingine ameingia kwenye eneo lake, anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na kitu ambacho hakipo. Mara moja, sekunde chache, kwa ndege wa kawaida, pengine hapati shida kubwa. Lakini Magamba na Amani ndio wanaishi ndege ambao idadi yao duniani ni ndogo sana, yule *Artisornis moreaui* wa Usambara Mashariki mwenye mdomo mrefu kwa mfano, anayependa sehemu ambazo kamba za msituni zimesokotana, kila kikundi cha wageni kinamtaka yeye na kila kikundi kina spika. Huyo anasumbuliwa na watu walewale wanaosema wanampenda. Jina lake limetokana na Reginald Moreau aliyefanya kazi pale Amani kuanzia 1928, na yeye na mkewe Winifred walijifunza mengi ya ndege wa milima hii bila spika yoyote, kwa kukaa na kusikiliza na kwa msaada mkubwa wa wenyeji wanaoujua msitu.

Mwambie rafiki yako azime, asimame sehemu moja nusu saa. Kama ni kipindi cha kuzaa asipige kabisa, na kwa ndege adimu asipige kipindi chochote.

Lazima kuchukua mwongozaji? Naona kama ni gharama ya bure, ramani ninayo. (Dar)

Kwenye hifadhi nyingine utaambiwa pale ofisini kwamba huingii bila yeye, kwa hiyo uliza kabla hujatoka nyumbani. Lakini hata pale ambapo si lazima mimi nasema mchukue, tena chukua kijana wa kijiji kilekile. Ramani inakuonyesha njia, haikwambii kwamba jana hondohondo walikuwa wanakula matunda ya mkuyu ule wa bondeni, na hondohondo wakikuta mkuyu umeiva wanarudi siku kadhaa. Yeye alipita pale na ng'ombe au akienda shule, anajua. Kingine, msitu unaowaingizia vijana wa kijiji hela ukiwa umesimama, hao vijana ndio watakuwa wa kwanza kupiga kelele mtu akiingia na msumeno usiku. Elewaneni bei kabla hamjaanza kutembea, mwambie unatafuta ndege na si kufika kileleni ili asikukimbize, na muombe muanze saa kumi na mbili alfajiri. Akikubali hiyo saa bila kulalamika umepata mwongozaji wa ndege.